Waya wa Harusi

Zulekha alipiga hodi moja tu akaingia, hakungoja kukaribishwa. Tangu kikoa cha makuti, ule ushirika wa kufungiana dari kwa zamu, kianze hapo Wingwi, mwanamke yule alikuwa haoni tena mlango wa mtu.

"Sabalkheri, Mama Asma. Zamu yenu Jumamosi," alisema, akajitupa juu ya mkeka. "Makuti tayari, fito Msellem keshakata, na kamba za usumba wa nazi nimezisokota mwenyewe mpaka viganja vimeota sugu. Weye kazi yako chungu tu."

Mwanakhamis alikuwa amepiga magoti mbele ya friza, anapanga vifuko vya malai, zile barafu tamu za kuuza. Hakugeuka. Vidole vilikuwa vimemfa ganzi, na haikuwa kwa baridi peke yake.

"Jumamosi hii hii?"

"Kwani weye unataka ya lini? Mpaka Ramadhani irudi?"

"Nna mgeni, Zulekha. Shangazi yake Talib anakuja kutoka Makangale."

"Basi na aje, alale nyumba ya baridi atuombee dua." Zulekha akacheka. "Yakhe, mtaa mzima ushafanywa, imebaki yako na ya Jaribu. Mnaungua humu ndani kama mikate, kisha mnaona haya kusaidiwa? Na mwambie mumeo Talib asije akapanda juu. Masharti anayajua."

Masharti alikuwa akiyajua kila mtu. Katika kikoa kile mwenye nyumba hapandi kwenye paa lake. Hukaa chini akapasua fito na kuwapa wenzake maji, na mkewe akapika, ili waliokuja kusaidia wasijione vibarua wenye msimamizi. Na paa likishaanzwa halilali. Hufungwa siku ile ile, kuwe na mvua, kuwe na ugomvi. Kwa mwendo huo walikuwa wamefunga dari za makuti chini ya mabati nyumba baada ya nyumba, wakayapaka mabati chokaa kwa juu, wakafinyanga majiko ya udongo yanayokula kuni kidogo. Mafeni yaliyokuwa yakizunguka mchana kutwa yakapumzishwa, na umeme wa kununua ukawa unakaa. Ilikuwa kazi njema, na Mwanakhamis aliifanya kwa moyo mmoja katika nyumba za wenzake wote. Ya kwake ndiyo aliyokuwa haitaki, kwa sababu juu ya kichwa chake, baina ya mabati na kenchi, palikuwa na kitu ambacho hakutaka jirani yeyote akione.

Kilikuwa ni waya tu.

Waya wenyewe uliingia kwa heri, siku za harusi ya binti yake, Asma. Taa za mapambo, spika na friza ya soda vilikuwa vingi mno kwa laini moja, na Bi Rahila, mjane wa nyumba ya pili, ndiye aliyesema mwenyewe, "Vuteni kwangu, mtoto ni wetu sote." Ndiyo desturi, hakuna harusi pale isiyokula umeme wa jirani. Fundi akaunga juu kwenye kenchi za Bi Rahila, akaupitisha waya kwenye upenu, pale mapaa mawili yanapokaribia kugusana, akauteremsha mpaka kwenye soketi nyuma ya friza. Harusi ikaisha. Fundi akakusanya taa zake akaenda zake Wete, na kila mtu akadhani mwenzake ndiye aliyeufungua ule waya.

Hawakuiba. Hivyo ndivyo Mwanakhamis alivyokuwa akijiambia kila alipofunua friza. Walikuja kujua siku umeme wao ulipokwisha, nyumba ikawa kiza, na friza ikaendelea kunguruma vile vile. Waliisikia wote wawili, yeye na Talib, wakatazamana. Talib akasema, "Kesho ntauchomoa." Kesho yake kulikuwa na malai ya kuuza na samaki wa kugandisha, na kesho yake tena hali kadhalika, na Ramadhani nzima ikapita ile kesho haijafika.

Upande wa pili wa ukuta, tangu kabla ya Ramadhani, Bi Rahila alikuwa ameanza kulalamika kuwa nyumba yake inakula umeme. Kilio chake ndicho kilichowakusanya wanawake wa mtaa wakaanzisha kikoa, na nyumba yake ndiyo iliyoanzwa. Wakamfungia dari, wakambadilishia globu, wakamchomolea hata friji. Mita ikaendelea kushuka. Watu wakakuna vichwa. Ndipo siku moja, barazani, mbele ya wanawake wote, Zulekha akamgeukia Mwanakhamis akamuuliza, "Weye ndiye jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Huoni kitu?"

Macho yote yakamwangukia. Na Mwanakhamis, ambaye hakuwa na nia ya kusema lolote, akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Mie huiona taa yake ya uani inawaka mpaka asubuhi. Pengine husahau."

Taa haikuwa ikiwaka. Alisema vile ili macho yale yahame tu. Yalihama kweli, yakaenda kukaa kwa Bi Rahila, na tangu siku ile hayakumtoka.

*

Alasiri ya siku ile ile aliyokuja Zulekha, Bi Rahila naye akaja na bakuli lake kutaka barafu, kama alivyokuwa akija tangu friji yake ichomolewe. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyevuka kizingiti bila ya kanga mbili zilizopigwa pasi. Ila siku hizo kanga zilikuwa na makunyanzi. Pasi nayo alikuwa ameiacha.

"Hodi wenyewe."

"Karibu, Bi Rahila. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu." Akafungua pindo la kanga kutoa senti zake, na Mwanakhamis akamzuia mkono, kama alivyokuwa akimzuia siku zote.

"Hapana, Bi Rahila. Barafu ni maji tu."

"Mungu akuzidishie. Jirani kama weye sijui ntampata wapi huko Unguja."

"Unguja?"

"Suhail anakuja kunchukua. Jumatatu, inshallah." Alijaribu kulisema jambo lile kwa furaha, kama mama anayekwenda kutembea kwa mwanawe, lakini mdomo ukamsaliti. "Kaambiwa mama yake hazimi taa. Asema leo taa, kesho jiko, siku moja nyumba itawaka moto na mie ndani. Mwanzo nlimbishia. Lakini sasa nambishia na nini? Swichi zote nimezifunga vitambaa, nikipita navishika, nijue nimezima. Na mita inashuka vile vile. Basi ndo nshapotea, Mwanakhamis. Mtu hajijui akianza kupotea."

"Usiseme hivyo, Bi Rahila."

"Nseme vipi? Kuku zangu nshampa Zulekha. Nyumba kaijenga marehemu kwa mikono yake, kila jiwe nalijua. Sikufikiri kama ntaihama kwa sababu ya taa."

Friza ilikuwa ikinguruma nyuma ya Mwanakhamis. Akatia barafu kwenye bakuli, akazidisha, akaongeza na changu mmoja juu yake, kana kwamba changu angeweza kusaidia kitu. Bi Rahila akamwombea dua ndefu, ya afya, ya riziki, ya wajukuu, na Mwanakhamis akaitikia amin kila kipande huku akitamani ardhi ipasuke immeze.

*

"Nshaukata," alisema Talib asubuhi ya Ijumaa, akishuka kwenye meza aliyokuwa ameipandia. Vumbi la kenchi lilikuwa limemjaa ndevuni. Alikuwa mtu wa safu ya mbele msikitini, mwenye kanzu safi na sauti ya upole, na Mwanakhamis hakupata kumwona mchafu namna ile. "Huku nimekata, na kule upenuni nimekata. Kipande cha katikati kimebanwa na kenchi, hakitoki. Na kikae. Waya ni waya, hauna mdomo."

Friza ikanyamaza. Kwenye mita yao wenyewe hakukuwa na umeme wa kuiendesha. Ule unyamavu ulienea chumba kizima, na Mwanakhamis akaona kwamba kwa muda mrefu alikuwa akiishi ndani ya mngurumo ule bila ya kuusikia.

"Talib, tumwambie."

"Tumwambie nini?"

"Kwamba si taa. Anahamishwa nyumbani kwake, Talib. Anajiona ana wazimu."

"Anakwenda kwa mwanawe wa kumzaa. Atakula, atavaa, atatazamwa. Kwani anatupwa?" Akajipangusa ndevu kwa nguvu. "Na mtoto wako je? Wakweze Asma wako hapo mtaa wa chini. Unataka waseme mke wa mwana wao kaozwa kwa umeme wa wizi? Atatazama wapi yule mtoto?"

Hilo la Asma lilimpata, na Talib alijua litampata. Akaona kuwa ameshinda, lakini hakufurahi. Alikaa juu ya kiti akiutazama ule waya uliokatwa, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mie sikukusudia. Wallahi, nlisema kesho."

"Na mie ndiye niliyemsingizia taa," alisema Mwanakhamis.

Talib akainuka kwenda kukoga, maana sala ya Ijumaa ilikuwa karibu.

*

Jumamosi jua halijachomoza vizuri Bi Rahila alikuwa ameshafika, wa kwanza kuliko wote. Mtu anayehama kesho kutwa hakuwa na haja ya kuja kumfungia dari jirani, lakini kikoa kilianzia kwake na hakutaka kukimbia zamu. Akakaa kitako uani na kuanza kushona makuti yaliyofumuka. Zulekha akaja na sauti yake. Msellem na Jaribu wakapanda juu, wakabandua bati moja ili wapate hewa na mwanga, na kazi ikashika moto, fito zinapanda, kamba zinapanda, mizaha inashuka.

"Mama Asma!" Zulekha aliita. "Hiyo friza inalia? Maji yamefika ukumbini!"

"Nimeizima niisafishe," alijibu Mwanakhamis kutoka jikoni, na akainama kwenye chungu cha wali asionekane uso.

Haukupita muda, sauti ya Jaribu ikatoka juu. "Huku kuna waya! Una moto?"

"Hauna! Vuta tu!" Talib alijibu haraka, haraka mno, panga likiwa mkononi.

Jaribu akauvuta. Ulikataa, ukakwaruza kenchi, kisha ukaachia. Kijana akautazama mwisho wake. Waya ulikuwa umefunikwa vumbi jeusi mwili mzima, lakini pale ulipokatwa shaba ilikuwa inang'aa kama pete mpya. Akamtazama Talib aliyekuwa chini. Akauachia waya uanguke uani.

Uliangukia miguuni pa Bi Rahila. Akauokota, akaugeuza, akacheka.

"Si ule wa harusi ya Asma huu! Kumbe ulikuwa bado umo humu! Tazama, na huu nao nlishausahau." Akajipiga kichwa kwa kiganja, na wanawake wakacheka naye, kicheko cha huruma, kile anachochekewa mtu ambaye keshaanza kusamehewa kila kitu. Akauweka waya kando na kuendelea kushona.

Mwanakhamis aliyaona yote kupitia mlango wa jikoni. Basi. Yamepita. Aliona kabisa kwamba yamepita, na akashangaa jinsi alivyoichukia faraja ile.

*

Chakula kilipakuliwa paa likiwa limefika nusu. Wanaume walikaa barazani, wanawake ukumbini, chini ya ile dari mpya ambayo tayari ilikuwa imeanza kuleta ubaridi. Wali wa nazi, mchuzi wa samaki, kachumbari. Samaki walikuwa wengi kuliko kawaida, na kila mtu akamsifu mwenyeji kwa ukarimu. Hakuna aliyejua kuwa wangeoza.

"Nna habari," alisema Bi Rahila, akifinyanga tonge. "Mita yangu imetulia."

"Imetuliaje?" aliuliza Zulekha.

"Tokea jana. Nlizunguka nyumba nzima, nikashika vitambaa vyangu kimoja kimoja, nikarudi nikavishika tena. Asubuhi nimetazama mita, haikushuka. Nimetazama tena kabla ya kuja huku, imekaa pale pale."

"Kumbe ilikuwa taa kweli!"

"Ilikuwa taa." Bi Rahila alisema kwa utulivu, kama mtu aliyekwishalipokea jambo lake. "Ndo nikajua kuwa Suhail ana haki. Nlikuwa nazisahau, na hata kusahau kwenyewe nlikuwa nakusahau." Kisha akamgeukia Mwanakhamis, na macho yake yakalengwa na machozi. "Na weye, mwanangu, nataka unisamehe kabla sijaondoka. Siku ile uliposema habari ya taa nlikununia moyoni. Nlisema, huyu jirani mbona ananizulia? Nakunywa barafu yako na huku nna kinyongo nawe. Kumbe weye ndiye uliyenambia kweli. Nisamehe."

Ukumbi mzima ulimtazama Mwanakhamis, na safari hii ulimtazama kwa mapenzi. Zulekha alikuwa akifuta machozi kwa ncha ya kanga. Ilikuwa imebaki kusema neno moja tu, nimekusamehe, na watu wangeendelea kula.

Alishikwa na aibu ambayo hakupata kuijua maishani mwake. Aliona aibu mbele ya tonge lililokuwa mkononi mwa yule mwanamke.

"Bi Rahila," alisema. "Taa yako haikuwa ikiwaka."

"Eeh?"

"Haikuwaka hata usiku mmoja. Nlikuzulia. Ule waya wa harusi haukufunguliwa. Friza hii ilikuwa inakula kwako, tokea harusi mpaka juzi. Jana asubuhi tumeukata, ndiyo maana mita imetulia. Si vitambaa."

"Mwanakhamis!" Ilikuwa sauti ya Talib kutoka barazani. Alikuwa amesimama mlangoni na mikono yenye mchuzi. Nyuma yake Jaribu alikuwa ameinamisha kichwa. Talib akatazama watu, akataka kusema kitu, kisha akasema tu, "Ni kweli," na mikono yake ikaning'inia.

Bi Rahila hakumtazama Talib. Alikuwa amemkazia macho Mwanakhamis.

"Kwa hivyo mie sikuwa nasahau?"

"Hukusahau."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja, Bi Rahila."

"Alhamdulillahi," alisema mjane yule, na uso wake ukafunguka, ukawa uso wa zamani, wa siku za kanga zilizopigwa pasi. "Alhamdulillahi. Mie mzima." Alilisema mara nyingine kwa ajili yake mwenyewe, na kwa kitambo kile ilikuwa kama kwamba Mwanakhamis amemletea zawadi.

Halafu macho yake yakatembea. Yakaenda kwenye friza, yakaenda kwenye maji yaliyotiririka sakafuni, yakarudi kwenye sahani.

"Na ile barafu ya futari?"

Mwanakhamis akaitikia kwa kichwa.

"Nikakuombea dua," alisema Bi Rahila.

Akalirudisha tonge kwenye sahani, taratibu, kwenye ukingo wake mwenyewe asimchafulie mwenzake. Akanawa mikono. Pale Wingwi mtu hainuki kwenye chakula cha jirani hivi hivi, na kila aliyekuwepo alijua maana yake, kwamba ujirani umekatika. Akatoka uani, akauokota waya, akauzungusha kwenye kiwiko chake mzingo baada ya mzingo mpaka ukaisha.

"Huu wangu," alisema, na akaenda zake.

Hakuna aliyeendelea kula. Zulekha alikaa na mikono mapajani. "Na mie nishamchinja jogoo wake," alisema hatimaye, bila ya kumwambia mtu. "Aliyesambaza maneno nani? Si mie?" Akainuka kwa shida. Mwanakhamis alidhani sasa wataondoka, na akaomba waondoke, wamwache na paa lake wazi na mvua imnyeshee. Lakini masharti yalikuwa masharti. Jaribu akapanda juu, Msellem akapanda. Wanawake wakarudi kwenye makuti. Walifanya kazi kama walivyofanya nyumba zote, hawakuharakisha, hawakulegeza fundo hata moja, na hakuna aliyetia mzaha wala kuomba maji. Talib alikuwa akipasua fito chini ya jua, na alipompa Msellem fito, Msellem aliipokea bila ya kumtazama. Mwanakhamis alitamani wamtukane.

Kupitia dirisha la jirani ilisikika sauti ya Bi Rahila kwenye simu, kubwa, ya mtu anayetaka asikike. "Usikate tiketi, Suhail. Mama yako mzima. Nimekwambia mzima! Utaambiwa na watu, mie sitaki kulisema."

Kisha akatoka uani kwake. Alikwenda kwenye swichi ya nje, akakifungua kile kitambaa alichokifunga pale, akakikung'uta, akakitupa. Akawasha taa. Jua la mchana lilikuwa linachoma, na ile globu ndogo ilionekana kidogo tu. Akavuta kibao chake, akakaa chini yake, akaanza kuchambua mchele.

Waliokuwa juu ya paa waliiona. Wanawake waliokuwa uani waliiona kupitia uwazi wa ua. Zulekha, ambaye miezi yote ile hakupita penye taa ya mchana bila ya kumgombeza mtu, aliitazama, akainama, akampa Jaribu kuti jengine.

Paa likafungwa kabla ya magharibi. Watu waliaga kwa salamu zile zile za siku zote, na Mwanakhamis akabaki ukumbini kwake, katika nyumba iliyokuwa baridi kuliko ilivyopata kuwa, anakausha maji ya friza kwa tambara. Nje taa ya Bi Rahila ilikuwa bado inawaka. Hakuna aliyekwenda kumwambia azime.